Mjadala: Kupima neva zinazoendesha moyo na presha: kitanda cha kuinua mgonjwa, au kipimo cha kusimama? Hospitali za umma Nairobi zianzie wapi?

Muuguzi, kliniki ya kisukari: Tuanze na kusimama. Kisukari huharibu neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu bila sisi kuamua, na anayeona kizunguzungu akiamka asingojeshwe mashine ya mamilioni. Alale chali dakika 5 kamili, apimwe presha na mapigo. Asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Presha ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, kuna tatizo. Kinachotuangusha ni haraka: mgonjwa anatolewa kwenye benchi, anasimamishwa bila kulazwa kwanza, na sehemu ya mshuko imeshapotea. Mkono ukining'inia pia, mashine husoma juu kuliko ilivyo.

Daktari wa neva: Dada, dakika 3 hazitoshi. Wapo ambao presha hushuka baada ya hapo, na mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) huenda asiweze kusimama peke yake. Kitandani anafungwa mikanda, anainuliwa angalau nyuzi 60, na misuli ya miguu haisukumi damu kumsaidia. Halafu kuna wasichana wanaoambiwa ni wasiwasi tu, kumbe wakisimama mapigo yao kwa dakika yanapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 (40 kwa wa miaka 12 hadi 19) bila presha kushuka. Hiyo ni POTS, hali ya mapigo kupanda kupita kiasi mtu akisimama.

Muuguzi: Dakika 10 zinawezekana ukutani, daktari: mgongo uegemee, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, mtu asimame karibu naye.

Fundi wa vipimo vya moyo: Nyote mmeng'ang'ania kusimama, ilhali katika kisukari presha hushuka neva zikiwa zimeharibika sana. Kipimo cha kupumua huonyesha uharibifu huo mapema, na mashine ya umeme wa moyo tunayo. Avute pumzi sekunde 5, atoe sekunde 5, mara 6. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, gawanya 1500 kwa milimita kati ya vilele virefu viwili vinavyofuatana. Hayo ndiyo mapigo kwa dakika. Katika kila pumzi toa mapigo ya chini kabisa kutoka ya juu kabisa, kisha tafuta wastani. Ukiwa 15 na zaidi ni sawa. 10 au chini yake si sawa, ila kwa wazee tofauti hupungua kwa umri tu. Anayetumia atenolol (dawa inayopunguza mapigo ya moyo), au mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, jibu lake litapotosha.

Daktari wa neva: Kwa kisukari nakubali, kipimo hicho kianze kesho. Lakini hakitaniambia nani ataanguka bafuni. Kitanda kimoja cha rufaa bado nakidai.

Muuguzi: Kimoja, sawa. Ila asipelekwe mtu kabla dawa zake hazijaangaliwa: amlodipine (ya presha), furosemide (ya kukojosha maji mwilini) na tamsulosin (ya tezi dume) zote huweza kushusha presha akisimama.