Gari la mwezini linaelea: kosa liko wapi?

Mwanagenzi:
Ndugu wataalamu, ninaandika programu ya kuigiza mwendo wa gari la utafiti juu ya Mwezi. Nilitumia sakafu bapa inayogusa uso mahali gari lilipoanzia, lakini baada ya kilomita 10 gari linaelea karibu mita 29 juu ya ardhi. Je, data ya miinuko ndiyo yenye kasoro?

Fundi Hesabu:
Data yako haina kosa. Huo ni mviringo wa Mwezi wenyewe. Nusu kipenyo chake ni kilomita 1,737.4, na mraba wa umbali ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo hicho hutoa mita 28.8. Duniani ungepata takribani mita 8 tu. Hifadhi nafasi ya gari katika koordineti (namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo) zenye kitovu katikati ya Mwezi, kisha kila baada ya mwendo mfupi ukokotoe upya mihimili (mistari ya kupimia mielekeo) ya mashariki, kaskazini na juu kutokana na latitudo na longitudo, ukizungusha pamoja nayo kasi na mwelekeo wa gari. Kasi ndiyo husahaulika sana.

Mkongwe:
Naongeza kwamba namba za desimali za biti 32 (yaani kila namba huhifadhiwa na kompyuta kwa tarakimu 32 za 0 na 1) hazifai hapo, kwa sababu kwenye umbali huo kutoka kitovuni namba mbili jirani hutofautiana kwa sentimita 12.5, na magurudumu yatatetemeka ovyo. Tumia biti 64.

Mwanagenzi:
Ahsanteni. Kumbe kasi sikuizungusha kabisa.