Mgahawa Mbeya mjini: mama yangu kafuta meza kwa kanga yake, jagi la kunawa likapelekwa kwa wenye gari

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu juzi, halishuki.

Mama yangu ana miaka 71. Alitoka Tukuyu alfajiri kuja kliniki ya macho, na baridi ya Julai ya huku mnaijua. Tumemaliza saa saba mchana, tumboni ana chai ya rangi tu. Nikasema leo simpeleki kwa mama ntilie wa stendi, nimtafutie mahali pazuri. Najuta. Mama ntilie angempokea kama mama yake.

Tumeingia, wahudumu watatu wako kaunta wameinamia simu moja. Mama akasalimia yeye, "Hamjambo wanangu?" Kimya. Mtu mwenye mvi anawasalimia watoto waliotakiwa kumpa shikamoo, na bado hajibiwi!

Tukajitafutia meza. Ina punje za wali na miba ya samaki ya waliotangulia. Tumekaa kama dakika kumi hivi. Mama hakulalamika. Alishika pindo la kanga yake akaanza kuifuta ile meza taratibu, punje anazikusanya kiganjani zisidondoke sakafuni. Nilishindwa hata kumwangalia.

Binti akaja, akatupa menyu mezani. "Mnakula nini?" Mama ametoka kutiwa dawa ya macho, maandishi hayaoni. Nikamwomba amsomee, akaguna. Ndizi nyama? Hamna. Kuku wa kienyeji? Hamna. Samaki? "Ngoja nikaulize." Akaenda moja kwa moja, hakurudi kwetu. Mama alipouliza pa kunawia alikuwa ameonyeshwa kwa kidevu: sinki la nyuma, ngazi tatu za kushuka, kwa mtu ambaye siku hiyo hata uso wangu anauona kwa ukungu.

Sasa sikilizeni. Likaegesha gari kubwa, wakashuka wanaume wanne wenye makoti. Binti yuleyule alikimbia mlangoni. "Karibuni mabosi, karibuni sana, poleni na baridi." Meza ikafutwa. Likaja jagi la maji ya moto, beseni, sabuni na taulo begani, wakanawishwa mmoja mmoja wakiwa wamekaa.

Kwa hiyo jagi lipo. Maji ya moto yapo. Hata "pole na baridi" anaijua. Mama yangu ndiye aliyeonekana hastahili.

Siongei kama mtu asiyeijua hiyo kazi. Nimehudumu Makambako kuanzia 2011 hadi 2015, kwenye mgahawa wa mabasi. Basi la Dar linasimama dakika kumi na tano, abiria wanashuka kwa pamoja, kila mmoja anaita, miguu imekuvimba tangu asubuhi. Mama mwenye mgahawa alikuwa hana mchezo: mtu akivuka mlango asikie karibu kabla hajafika kwenye kiti, hata kama mikono yako yote ina sahani. Kunawisha unaanza na mzee, hata akiwa ameagiza chai na chapati moja. Na kabla ya basi kufika ulikuwa umeshaingia jikoni kuuliza kimeisha nini, ili usimsomeshe mtu menyu nzima halafu umjibu hamna, hamna. Siku ya kwanza nilimruka bibi mmoja nikamkimbilia mwenye suti. Nilivuliwa aproni palepale nikaambiwa nikae nje nifikirie.

Basi juzi hapo Mbeya niliinuka nikamfuata mwenye mgahawa, alikuwa anahesabu hela kaunta na yote ameyaona. Jibu lake: "Mabinti wa siku hizi ndivyo walivyo." Hapana kaka! Hao mabinti unawatoa kijijini leo, kesho unawavalisha aproni bila kuwaelekeza chochote, sahani ikivunjika unawakata. Wanakutazama wewe. Hao wanne walipoingia na wewe ulisimama ukawapa mkono. Sisi hukuinua hata macho.

Nilivyorudi mezani mama ameshajifunga kanga vizuri, yuko tayari. "Twende mwanangu, nitakula nyumbani." Nyumbani ni Tukuyu, zaidi ya saa moja ya gari, na njaa ile.

Anarudi kliniki baada ya wiki mbili. Wenyeji wa Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, hata Uyole, nielekezeni mahali ambapo mzee anasalimiwa na kunawishwa. Hata kama ni benchi na turubai, nitampeleka.