Wembe wa kukunja unanyoa nywele za mkono lakini unavuta ndevu: nimekosea wapi kinooni?

Mjukuu wa Kinyozi (Mombasa) anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Marehemu babu yangu alikuwa kinyozi, na miongoni mwa vitu alivyotuachia ni wembe wa kukunja wenye neno Solingen kwenye shina lake (kile kipande cha chuma kati ya ubapa na mpini). Upana wa ubapa ni milimita 16 hivi, na unene wa mgongo ni milimita 4.5. Nilipoupokea ulikuwa na kutu ya juu juu na pengo dogo karibu na ncha, na vyote viwili nimekwisha kuviondoa.

Nina vinoo vitatu vya maji: namba 1000, 4000 na 8000 (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi). Kwenye namba 1000 nilifunga tepu ya umeme mgongoni ili usichubuke, nikapitisha wembe hadi pengo likaisha. Tepu ilipoanza kulegea niliitoa, nikaendelea na namba 4000 mara 40 kila upande, kisha namba 8000 mara 100. Sasa wembe unang'aa kama kioo na unanyoa nywele za mkono, lakini ukifika kidevuni unavuta ndevu badala ya kuzikata, na sehemu ya katikati ndiyo mbaya zaidi. Nimeupitisha kwenye ukanda wa ngozi hadi mkono ukachoka, na hali ni ile ile. Je, ninunue kinoo cha namba 12000?

Fundi Tupa (Morogoro) anajibu:

Ndugu, usinunue chochote bado. Makali ni mstari ambapo nyuso mbili zilizonolewa hukutana, na kazi ya kuzikutanisha hufanyika kwenye namba 1000 peke yake. Vinoo vinavyofuata hulainisha mikwaruzo tu. Nyuso hizo zisipokutana mahali fulani, hata ukipitisha mara 1000 kwenye kinoo laini, utakuwa unang'arisha mteremko ambao juu yake kuna ukingo butu. Ndiyo maana siamini hesabu za mapito: chuma hutofautiana, mikono hutofautiana, na wembe wenyewe ndio unaosema umetosha.

Ulivyosema katikati ndipo pabaya, mimi nashuku kinoo chako kimebonyea. Ubapa wa wembe una urefu wa milimita 75 hivi, na vinoo vingi vya maji vina upana wa milimita 70. Ukiusukuma moja kwa moja juu ya kinoo kilicholika katikati, kisigino (mwisho wa makali ulio upande wa shina) na ncha vitaguswa huku katikati kukiachwa. Chora mistari ya penseli juu ya kinoo, weka msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, usugue kinoo hadi mistari yote ifutike kwa pamoja. Kisha uupeleke wembe kwa mshazari, uanze kisigino kikiwa juu ya kinoo na umalize ncha ikiwa juu yake, makali yakitangulia, na mgongo usiinuke hata kidogo.

Ili kupima, ushike wembe makali yakiwa juu chini ya taa kali. Makali yaliyokutana hayarudishi mwanga. Ukiona uzi mweupe unang'aa mahali, hapo ni butu.

Mhamiaji wa Wuppertal anajibu:

Namheshimu Fundi Tupa, na ushauri wake wa kusawazisha kinoo ni sahihi, ila nadhani amepitwa na jambo ambalo muuliza swali ameliandika waziwazi: tepu ilikuwepo kwenye namba 1000, haikuwepo kwenye 4000 wala 8000.

Wembe wa kukunja haumhitaji mtu akisie pembe, kwa sababu mgongo hulala juu ya kinoo pamoja na makali, na uwiano wa unene wa mgongo na upana wa ubapa ndio unaoamua pembe yenyewe. Kwa vipimo ulivyotoa, pembe ni digrii 16 na kidogo. Tepu ya milimita 0.15 iliyofunika pande zote mbili huongeza unene hadi milimita 4.8, na pembe hupanda hadi digrii 17 na kidogo. Nusu digrii kwa kila upande huonekana ni kitu kidogo, lakini inatosha kabisa kuvifanya vinoo laini visifike kwenye makali. Vimekuwa vikisugua nyuma yake. Kwa hiyo unachonyolea ni makali ya namba 1000, na makali hayo hunyoa nywele za mkono bila shida, ila ndevu za kidevuni huyashinda.

Paka maka peni kwenye makali, pande zote mbili, upitishe mara mbili kwenye namba 8000 bila tepu, uangalie kwa lenzi. Nikiwa sahihi, utaona wino umebaki kama uzi mwembamba ukingoni kabisa. Tepu yenyewe sina ugomvi nayo. Sharti ni moja, iwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na ibadilishwe kwa mpya kila unapohama kinoo, au isiwepo kabisa.

Jambo la pembeni kwa kuwa naishi jirani na mji huo: Solingen si jina la kiwanda, ni mji wa Ujerumani ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Mtengenezaji utamjua kwa alama nyingine iliyo kwenye shina.

Bi. Mwanapwani (Tanga) anajibu:

Mwanangu, mimi naongezea kuhusu ukanda na utunzaji, maana hapo pa kuchokesha mkono pamenishtua. Ukanda uvutwe ukaze, mgongo utangulie na makali yafuate, na unapogeuza mwishoni uzungukie mgongo. Mapito 50 hadi 60 mepesi kwenye ngozi yanatosha. Ukikandamiza, ngozi hubonyea na kuyaviringa makali uliyoyatafuta siku nzima.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na nyembe za zamani kwa kawaida si za chuma kisichoshika kutu. Ukimaliza kunyoa, ukaushe, uuache wazi kwa muda kabla ya kuukunja, kisha upake mafuta ya cherehani kidogo sana. Tena uutazame mpini: ukiwa wa seluloidi (aina ya plastiki ya zamani), hiyo huoza taratibu na kutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma kwa ndani, na joto letu huharakisha mambo. Ukikuta kutu mpya upande mmoja tu, pale ubapa unapolala ndani ya mpini, na harufu kama ya kafuri kali, huo mpini uuondoe.

Mjukuu wa Kinyozi anarudi:

Ahsanteni sana. Nilifanya jaribio la wino jana usiku, na Mhamiaji amepatia: uzi mweusi ulibaki ukingoni toka kisigino hadi ncha. Hata hivyo Fundi Tupa naye hakukosea, kwani penseli ilidumu katikati ya kinoo cha namba 1000 muda mrefu baada ya kingo kufutika. Nimekisawazisha, nikaanza upya bila tepu, na sikuhama hadi taa ilipokosa cha kuonyesha. Asubuhi ya leo nimenyoa mashavu yote mawili na kidevu, na ni chini ya mdomo tu ambapo bado pana mkwaruzo kidogo.

Bi. Mwanapwani, mpini nimeunusa. Harufu ipo. Naomba mwenye uzoefu wa kutoa ribiti hizi ndogo za shaba bila kuupasua mpini anielekeze, kwa kuwa ningependa kuuhifadhi wa babu kando na wembe hata kama hautatumika tena.