Naomba ushauri: kupunguzwa kazi ukiwa na umri wa kuchukua pensheni

Wanajamvi, nauliza kwa niaba ya wafanyakazi wa hoteli moja hapa Malindi. Msimu wa mvua umeanza, tajiri anapunguza watu. Kenya hatuna bima ya kukosa kazi. Tegemeo ni malipo ya kupunguzwa, yaani si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, pamoja na notisi ya mwezi 1 na likizo isiyotumika.

Wenye miaka 50 na zaidi wamepewa barua za "kustaafu mapema" watie sahihi, wakaambiwa pesa zao ziko NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Hapo ndipo penye hatari. Anayestaafu kwa hiari yake hahesabiwi amepunguzwa, kwa hivyo siku 15 hizo hawezi kuzidai. Uanachama wa NSSF unamzuilia mtu malipo ya utumishi (ya miaka aliyofanya kazi) ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007, lakini haya ya kupunguzwa, ya kifungu cha 40, ni mengine kabisa. Mwenye miaka 12 kazini na mshahara wa 26,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi za mwezi, angepoteza 180,000. Si pesa ndogo kwa mzazi mwenye watoto shuleni.

Tumewashauri wasitie sahihi, na wauulize uongozi iwapo afisa wa kazi amearifiwa kwa maandishi.

Sasa, wawili walishasaini. Je, wakisha kuomba mafao ya NSSF, dai lao litadhoofika mbele ya mahakama ya kazi? Na hesabu hukubaliwa kwa siku 26 au 30? Mwenye uzoefu atusaidie, tafadhali.