Mliowahi kufanya mali kwa mali mtaani, tupeane uzoefu (Moshi na Arusha)

Wakuu habari zenu. Hapa Pasua, Moshi, tunataka Jumapili moja baada ya ibada tutandike turubai uani kwangu, kila nyumba ilete vitu isivyovitumia tubadilishane. Sio yule jamaa anayepita na mabeseni akitaka nguo kuukuu. Hii ni jirani kwa jirani, hela haiguswi. Binafsi nina hotipoti nne za kitchen party, hazijawahi kuonja ubwabwa. Mliofanya, ilikuwaje?

Mama Soweto: Hotipoti ndizo zitakazokuumbua, dada. Sisi tulikuwa watu 12, hotipoti zikawa 9, hakuna aliyezigusa. Halafu angalia nani alikupa. Mimi nilitoa seti ya glasi na boksi lake. Jirani akalifungua, akachomoa kikadi chenye mwandiko wake mwenyewe, "Mungu awabariki". Akakirudisha taratibu: "Shoga, kumbe hata hukufungua." Salamu tunapeana, lakini chumvi siku hizi naomba nyumba ya pili.

Mzee wa Kiboriloni: Yetu iliharibiwa na sufuria. Mama mmoja kaleta kubwa, ile ya kupikia misibani. Mwenzake akaipindua, akakwangua masizi kwa kijiko, zikatokea herufi mbili zilizogongwa kwa msumari. "Hii yangu! Ilipotea msiba wa baba mkwe!" Aliyeileta anaapa aliinunua soko la Memorial, mtumba. Soko letu zima likasimama, watu wamekumbatia vindoo vyao wanasikiliza. Akaitwa balozi wa nyumba kumi, akaamua ikae kwake iwe ya mtaa. Ipo mpaka leo, na nikihesabu vizuri, anayeipikia sana ni balozi.

Dada wa Sakina: Vya umeme jaribuni palepale. Shemeji alirudi Marekani na blenda ya volti 120, na huku kwetu umeme ni 230. Aliyeipata haikummalizia hata parachichi moja, moshi ukafuka, tena Arusha, sio Moshi. Akataka arudishiwe pasi yake ya mkaa. Pasi ilishaondoka na mtu wa Ngaramtoni.

Kijenge Juu: Ndiyo maana sisi tulitumia vizibo vya soda. Unaleta kitu, unapewa vizibo: kikombe 1, sufuria 2, kiti 5. Ukishakuwa navyo unachukua chochote cha yeyote, huhangaiki kumtafuta mwenye kiti anayetaka vikombe vyako. Kubishana bei kupo, ila mnabishana na mpanga bei, sio jirani. Tatizo likaja saa nane mchana: vitu vinaisha, vizibo bado vimejaa mikononi. Kumbe watoto wameshaenda kuokota baa ya jirani! Mara ya pili tukavipaka rangi.

Mtu wa Rau: Msifanye Aprili. Masika yalitukuta na godoro liko nje.

Mama Soweto: Januari ndiyo kwenyewe. Ndugu wa Dar wakishaondoka baada ya Krismasi, vitu walivyoacha vinazidi nafasi.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Kijenge, mlitumia rangi gani? Mimi ninayo ya geti, nyeusi, imebaki nusu kopo. Hotipoti zimebaki tatu za kutoa. Ya nne nimeigeuza leo, nikakumbuka ni ya mama mkwe.