Seva inajibu ping kumbe ndani inaumwa, mnafuatiliaje afya ya vifaa vyenyewe?

mlinzi_wa_raki

Wakuu habari zenu. Nina jambo limeniuma sana naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nasimamia seva nne zilizotengenezwa na kampuni tofauti tofauti, zote ziko raki moja, na mpaka juzi nilijiona niko salama maana nina programu inapiga ping (inaibishia hodi seva kwenye mtandao kuona kama inaitika) kila dakika na kuangalia kama tovuti na databesi zinajibu, nikiona kijani naenda kulala. Wiki iliyopita seva moja ikafa ghafla, kufika chumbani nakuta diski mbili kati ya nne zinawaka taa ya njano. Ni RAID 5, yaani diski zimeunganishwa kama safu moja na inavumilia kufa kwa diski moja tu. Nimefungua logi za kontrola (kadi inayosimamia diski) nikaona diski ya kwanza ilikufa siku 74 kabla! Siku zote hizo seva imetembea bila akiba yoyote na mimi naangalia kijani. Bakapu ilikuwepo ila ya siku tisa nyuma, kwa hiyo kazi ya watu ya siku tisa imepotea na bado naumia nikiwaza.

Naomba kujua mnatumia programu gani kuangalia afya ya vifaa vyenyewe, yaani diski, feni, pawa saplai, memori, joto, na inawezekana sehemu moja kwa seva za kampuni tofauti au kila moja na programu yake?

fundi_usiku

Pole sana mkuu, hilo limewakuta wengi na mimi nimo. Ping inakwambia tu mfumo bado unaongea, haijui habari ya diski wala feni.

Karibu kila seva ya maana ina kompyuta ndogo ndani yake inaitwa BMC, ina prosesa yake na mara nyingi poti yake ya mtandao, na inabaki hai hata ukiizima seva alimradi kebo ya umeme imechomekwa. Kwa Dell utaisikia kwa jina la iDRAC, HPE wanaiita iLO, Lenovo ni XClarity Controller. Huyo ndiye anayesoma joto, mizunguko ya feni, volti na pawa saplai halafu anaandika kila tukio kwenye logi yake inaitwa SEL. Anaongea kwa njia mbili kubwa: IPMI ambayo ipo tangu 1998, na Redfish iliyotolewa na DMTF (shirika la viwango vya usimamizi wa kompyuta) mwaka 2015, hii inapita kwenye HTTPS na majibu yanakuja kwa JSON (maandishi yaliyopangwa ambayo programu inayasoma kirahisi), kwa hiyo hata skripti fupi inaweza kuanzia /redfish/v1/Systems, ikafuata kiungo cha seva yenyewe, ikajibiwa kama afya ni OK, Warning au Critical. Seva yako ikikubali Redfish anzia hapo. Za zamani tumia ipmitool, amri ya "ipmitool sdr" inakupa vihisi na "ipmitool sel elist" inakupa historia.

Programu za kampuni moja moja ni nzuri kama raki nzima ni ya kampuni hiyo, kwako weka Zabbix, programu ya kufuatilia mitambo ya kampuni zote sehemu moja, ina templeti tayari za iDRAC na iLO na za IPMI ya kawaida. Kama tayari unatumia Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, basi kuna ipmi_exporter ya kuipelekea vipimo vya IPMI.

Ila kabla hujaanza kusimika chochote ingia kwenye BMC zote nne leo uwashe arifa za imeili. Ni kazi ya dakika chache kwa kila seva na ingekuokoa siku ile ile ya kwanza.

mama_diski

Naongezea hapo kwa fundi_usiku maana kuna mtego. BMC haioni diski kila mara. Kama kontrola ya RAID ni ya kampuni ile ile ya seva, kwa kawaida inaona, lakini kama ni kadi ya kuchomeka ya mtu mwingine au RAID ya programu kwenye Linux, BMC itakwambia kila kitu kizima huku safu yako inakufa. Kwa RAID ya programu washa mdadm --monitor na uweke imeili yako kwenye mdadm.conf. Kwa kadi za aina ya MegaRAID kuna amri ya storcli, na smartctl (amri ya kusoma afya ya diski) inaweza kupenya nyuma ya kadi ukiipa -d megaraid,0 kisha 1 na kuendelea, namba inafuata kitambulisho cha diski.

Kwenye SMART, yaani vipimo vya afya ambavyo diski inajiwekea yenyewe, mimi naangalia namba 5, 197 na 198, yaani sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana kusomwa. Zikianza kupanda diski hiyo naitoa hata kama bado inafanya kazi. Lakini usiziamini peke yake, Google walichapisha utafiti wao wa diski mwaka 2007 na zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye zile alama nne walizoona ndizo zenye nguvu. Kwa hiyo arifa ya kwanza kabisa ni hali ya safu yenyewe, imepungukiwa diski au haijapungukiwa, SMART ni ya kukuwahisha tu.

Na kuhusu ile diski ya pili, inawezekana haikufa siku hiyo. Kwenye RAID 5 sekta mbovu inaweza kukaa kimya muda mrefu kwa sababu hakuna anayeisoma, siku umechomeka diski mpya kontrola inalazimika kusoma diski zote zilizobaki mwanzo mpaka mwisho, ndipo inagonga ule ubovu na kujenga upya kunakwama. Ndiyo maana patrol read au ukaguzi wa safu nzima uwe na ratiba, mimi nimeweka mara moja kwa mwezi.

Kingine watu wanasahau ni betri ya kashe ya kontrola, ile memori ya haraka inayoshika data kabla haijafika kwenye diski. Niliwahi kuhangaika wiki mbili na databesi iliyokuwa nzito, tukalaumu kodi ya programu, tukabadilisha indeksi, tukagombana na waandishi wa programu, kumbe betri imechoka na kontrola imeacha kuandika kwenye kashe inasubiri kila kitu kifike kwenye diski. Taarifa ilikuwa kwenye logi muda wote.

kimya_kimya

Tafadhali sana msiache BMC ikaonekana kwenye intaneti. Iwekeni kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yake peke yake, paswedi ya kiwandani ibadilishwe kabla seva haijaingia kazini. IPMI 2.0 ina kasoro ya muundo, BMC inamtumia anayeomba kuingia heshi ya paswedi (paswedi iliyofumbwa) kabla hata hajathibitishwa, mtu anaichukua anakaa nayo kwake anaivunja taratibu. Hilo ni la itifaki yenyewe, apdeti ya fimwea haiwezi kuliondoa, kwa hiyo kama huihitaji IPMI ya mtandaoni izime utumie Redfish, kama unaihitaji paswedi iwe ndefu. Anayeimiliki BMC anaimiliki seva nzima.

mlinzi_wa_raki

Asanteni sana jamani. Nimeweka Zabbix jana ila tatizo nimeamka na imeili 212, feni imepungua, joto limepanda digrii moja, feni imerudi. Nikiendelea hivi wiki ijayo nitakuwa sizisomi tena.

fundi_usiku

Punguza mkuu, hiyo ni hatari kama kutokuwa na kitu. Cha kukuamsha usiku kiwe kichache: safu imepungukiwa diski, pawa saplai imekata, feni imesimama, kosa la memori lisilosahihishika. Makosa ya ECC, yaani ya memori ambayo seva inayasahihisha yenyewe, yahesabu tu, moja kwa mwezi achana nalo, yakija mengi kwenye kijiti kimoja kile kile cha memori agiza kingine. Joto pima la hewa inayoingia mbele ya seva, ASHRAE (chama cha wahandisi wa viyoyozi) wanapendekeza nyuzi 18 hadi 27, na linganisha seva zote: zikipanda zote pamoja kimbilia kiyoyozi, ikipanda moja tu tafuta vumbi au feni ya hiyo hiyo. Feni kubadili mwendo ni kazi yake, iache.

Usitegemee SNMP trap pekee, yaani taarifa ambayo kifaa kinaituma chenyewe, inaenda kwa UDP isiyohakikisha kufika, ikipotea njiani hakuna anayejua, Zabbix iwe inauliza yenyewe kila baada ya muda na BMC ikinyamaza nayo iwe arifa. Halafu jaribu kweli. Kama seva ina pawa saplai mbili na zote nzima, chomoa kebo ya moja uhesabu dakika mpaka meseji ifike kwenye simu yako.

mlinzi_wa_raki

Nimejaribu leo mchana. Seva ya kwanza na ya pili meseji imefika ndani ya dakika mbili. Ya tatu kimya kabisa, kumbe BMC yake haina DNS (ya kugeuza majina kuwa anwani za mtandao) kwa hiyo imeili ilikuwa haitoki hata moja, na saa yake inasoma 1970, matukio yote ya SEL hayana tarehe ya kueleweka. Nimeiwekea NTP (ya kusawazisha saa) na DNS, nikachomoa tena, ikafika.

Halafu mama_diski, nimeenda kuangalia betri za kashe kwa sababu yako. Hiyo hiyo ya tatu betri imeshakufa. Nimeagiza nyingine na nimeanza ukaguzi wa safu usiku huu, bakapu nimechukua kwanza.