Binti yangu anatishiwa kwa picha, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 13. Likizo hii nilimpa simu yangu ya zamani acheze gemu, kumbe humo kuna sehemu ya kuchati. Mtu akajifanya msichana wa rika lake, akamwomba picha, mtoto akatuma. Sasa anadai nyingine, la sivyo ataisambaza kwa wanafunzi wenzake. Mtoto hali chakula, usiku analia.

Sijamchapa wala kumgombeza, maana hata kuniambia alijikaza sana. Meseji zote nimezihifadhi. Nawaza kupiga 116, ile namba ya simu ya msaada kwa watoto, au kwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyewahi kukutwa na jambo hili, nianzie wapi? Na nikimbloku huyo mtu leo, si ndiyo ataisambaza?